Cherehani Iliyolala Chumbani kwa Mama Mkwe

Kazi yangu ilianza siku ya Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, nikiwa nimelala chali chini ya meza ya cherehani huku mafuta meusi yakinidondokea shingoni. Kabla ya hapo nilikuwa Naomi tu, binti wa Mwalimu wa Ulemo, mwanafunzi wa sekondari aliyekuja Singida mjini kukaa kwa shangazi wakati wa likizo. Baada ya hapo nikawa mtu wa kazi. Sasa nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, na najua kuna watakaocheka, lakini Fundi Salumu mwenyewe ndiye aliyetamka kwamba nimestaafu, tena mbele ya wateja, kwa kuwa mwaka ujao ni wa mtihani na baba amesema likizo zote zilizobaki ni za vitabu.

Kwa kawaida daftari hili huwa naliandika kwa ajili yangu mwenyewe. Safari hii naandika kwa ajili ya Rebeka, binti wa shangazi, anayechukua nafasi yangu, na kwa yeyote atakayemfuata. Ningeweza kumweleza kwa mdomo, lakini mimi mbele ya watu ulimi wangu hugeuka mti. Habari za mshahara siandiki. Rebeka ataenda kuulizia wake.

Fundi Salumu ana duka la kushonea karibu na soko, lakini kushona anawaachia wengine. Yeye anatafuta cherehani za zamani za kukanyaga kwa miguu, hasa zilizoingia nchini wakati wa Mjerumani. Anazinunua kwa niaba ya Bwana mmoja wa machimbo ya dhahabu, Mwingereza mwenye masharubu, anayezipanga nyumbani kwake kama watu wengine wanavyopanga vichwa vya swala. Hashoni nazo. Anazitazama. Mara ya kwanza kuambiwa hivyo nilidhani Fundi ananitania.

"Hata kiraka?" niliuliza.

"Hata kiraka," Fundi alisema. "Suruali yake anashonewa na mpishi."

Nilipewa kazi kwa sababu mbili, na hakuna hata moja inayohusu shule. Ya kwanza, mgongo wa Fundi haukunjiki tena, na cherehani ya zamani haijulikani mpaka mtu alale chini yake. Ya pili, cherehani hizo karibu zote zimo katika vyumba vya ndani vya akina mama watu wazima, na mwanamume hawezi kuingia humo na tochi akaanza kuchungulia. Binti anaweza. Shangazi alipomwambia Fundi kwamba mimi ni mwenye haya sana, alifurahi. "Huyo ndiye ninayemtaka," alisema. "Mwenye maneno mengi huwa anataja bei."

Vifaa vyako, Rebeka, ni hivi: bisbisi mbili, tochi, kioo kidogo cha kujitazamia, kitambaa chenye mafuta ya taa, kipande cha mkaa na karatasi nyembamba. Kioo si cha kujipamba. Kinawekwa chini ya mashine pale ambapo kichwa chako hakipiti. Karatasi unaibandika juu ya namba iliyochongwa kwenye chuma, unasugua mkaa juu yake, na namba inatokea. Usijaribu kuisoma kwa kidole ukaikariri. Mimi nilijaribu, na Fundi akapekua orodha za viwanda siku nzima akitafuta mashine ambayo haijawahi kutengenezwa.

Jambo la kwanza nililofundishwa ni kutoamini miguu. Miguu ya chuma ina maandishi makubwa mazuri, na mtu mgeni huyasoma akadhani amemaliza. Lakini kichwa, yaani ile mashine yenyewe yenye sindano, huwa kinatoka kwenye meza moja na kwenda kwenye nyingine. Kuna kichwa cha Mjerumani kilichokalia miguu ya Mwingereza, na meza ya Ulaya iliyovunjika ikawekewa ubao wa mninga na seremala wa hapa. Fundi huziita ndoa. Hana ubaya na ndoa, ila anataka kuambiwa. "Mimi nikimwuzia Bwana ndoa," anasema, "namwambia ni ndoa. Asije akagundua mwenyewe usiku."

Droo nazo zinasema. Vuta droo unuse. Ya Ulaya inanuka kama kabati la kanisa. Iliyotengenezwa hapa inanuka mninga, na mara nyingi ina tumbaku ya bibi, ambayo hutakiwi kuigusa. Maua ya dhahabu yaliyochorwa kwenye kichwa yakiwa yamefutika upande wa mbele, pale mkono unapopita na kitambaa, hiyo ni kazi ya miaka. Yakiwa yamefutika kila mahali sawasawa, kuna mtu amesugua.

Kuhusu kusugua, nitaeleza ya Issuna ili mjue namna ya kukaza uso. Fundi alikuwa ameiona mashine ya mama mmoja huko, yenye maua yote na ndege wawili wa dhahabu, nzuri kuliko zote. Akaahidi kurudi na mimi. Tulipofika, yule mama alitutokea mlangoni anang'aa kwa furaha. Ametutayarishia mashine. Kwa kuwa ni chuma, na kwa kuwa wageni wanakuja, alikuwa ameisugua kwa mchanga na majivu kama anavyosugua sufuria kabla ya sherehe. Ilikuwa nyeupe. Ungeweza kuitumia kupikia ugali.

Fundi aliitazama muda mrefu.

"Mama," alisema mwishowe, "hapa umefanya kazi."

"Nimesugua na binti zangu tangu asubuhi," alisema mama yule. "Ilikuwa na michoro michoro, imekataa kutoka, tukaongeza mchanga."

Tulikula kuku wake, tukamsifu, tukaondoka. Fundi alitangulia njia nzima mpaka tulipofika kwenye lori. Hapo akasema, "Ndege wawili," kisha akapanda. Tangu siku hiyo, tukikubaliana kurudi mahali, sharti la kwanza ni kumwomba mwenye nyumba asisafishe.

Sasa nifike Mgori, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho na ndiyo ngumu kuliko zote.

Bwana Ntandu wa Mgori, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuja dukani akasema ana cherehani ya Mjerumani, meza ya droo saba, kila kitu. Aliitoa kama mahari alipomwoa mkewe, badala ya ng'ombe. Sasa desturi inamruhusu kutoa ng'ombe na kuichukua tena, na ng'ombe yuko tayari. Alichotaka yeye ni baiskeli. Alikuwa amesikia kwamba Bwana wa machimbo, kwa mashine kamili ya Mjerumani, anatoa baiskeli mpya.

"Unajua kuendesha?" Fundi aliuliza.

"Nitajua nikishakuwa nayo," alisema Bwana Ntandu.

Kulikuwa na tatizo moja, ambalo alilieleza akitazama pembeni. Cherehani iko kwa mama mkwe wake, Bibi Sungi. Bibi alipopata habari kwamba mkwe anaitaka, hakubisha wala hakulia. Alihamisha kitanda chake akakiweka katika chumba cha cherehani. Na mkwe, kwetu, haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Hasemi naye ana kwa ana. Akimwona njiani anapita porini. Bwana Ntandu aliwaomba ndugu zake waingie, nao wakasema hata wao ni wakwe. Akaomba majirani, na majirani wakahesabu koo, wakajikuta wakwe. Mkewe, ambaye ni binti wa Bibi mwenyewe, aliposikia habari hiyo alishika shoka akaenda kutafuta kuni, na kila ikitajwa anakwenda kutafuta kuni. Nyumba yao ina kuni za kutosha misimu miwili.

Fundi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakumbuka, akaacha. Mke wake mdogo ni wa ukoo wa Bibi Sungi. Hata yeye ni mkwe.

Ndiyo maana nilijikuta Mgori, mimi ambaye nikiitwa kujibu swali darasani natamani ardhi inimeze, nikiingia peke yangu chumbani kwa bibi nisiyemjua. Fundi na Bwana Ntandu walibaki uani, upande wa pili wa ukuta wa udongo, na majirani wakakusanyika kwa visingizio mbalimbali. Mmoja alikuja kuazima mwiko, akakaa nao mkononi hadi jioni.

"Shikamoo Bibi," nilisema.

"Marahaba. Wewe ndiye umetumwa kuninyang'anya?"

"Nimetumwa kutazama tu."

"Tai naye hutazama tu." Alinitazama miguu, kisha uso. "Umekula?"

Alinipa uji. Nilikunywa nikiwa nimesimama kati ya kitanda na cherehani, maana hakukuwa na nafasi nyingine. Ilikuwa meza nzuri, jamani. Droo tatu kila upande, moja nyembamba katikati, na miguu ya chuma iliyosokotwa kama nyuzi za kikapu. Juu yake palikuwa na kaptula tano za watoto wa shule, nne zimekwisha, moja ina mguu mmoja. Nikaelewa kitu ambacho Bwana Ntandu hakukitaja: Bibi bado anashona, na kwa kushona ndiko anakoishi.

"Unaziona?" alisema, sauti chini. "Hizo ndizo chumvi yangu, ndizo sabuni yangu. Meza hii ikitoka, nitakwenda kula kwa nani? Kwa mkwe. Nikae jikoni kwa mkwe, nijifunike uso kila akipita, nisubiri nimegewe. Afadhali nife nikiwa na sindano mkononi."

Kutoka nje Fundi akaita, "Naomi! Umefika?"

"Nimefika!" Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya kifaranga, na nje wakacheka.

"Paza sauti, mwanangu! Miguu ikoje?"

"Imesokotwa!"

"Ina jina?"

Bibi alinishika mkono. "Sema haina."

"Bibi, linaonekana."

"Linaonekana kwako. Yeye yuko nje."

Siwezi kusema uongo. Sijisifu, ni ugonjwa. Nikijaribu natokwa jasho puani, na mtu yeyote anajua. "Lina jina!" nilipiga kelele. "Limeandikwa Kijerumani!"

Nje nikasikia Bwana Ntandu akipiga makofi mara moja, kama mtu aliyeua mbu. Bibi aliuachia mkono wangu. Hakukasirika, na hilo lilinichoma zaidi. Alivuta kiti, akakaa, akachukua ile kaptula ya mguu mmoja. "Basi waambie wasubiri," alisema. "Hii mtoto mwenyewe anaifuata kesho. Wakiichukua mashine, waichukue kaptula imekwisha." Akalamba uzi, akaupitisha kwenye tundu la sindano bila hata kulitazama, akaanza kukanyaga.

Mashine ikaimba. Trrrrrr, laini, bila kukatika, kama maji yakimiminwa mtungini.

Huko nje kukawa kimya. Sasa, Rebeka, hapa ndipo utakapojua kwa nini Fundi ni Fundi. Mashine za Mjerumani za kale, uzi wake wa chini unabebwa na kichuma kirefu chenye umbo la ganda la kunde, nacho kinakwenda mbele na kurudi nyuma. Zinapiga kelele: kwache-kwache, kwache-kwache, kama mtu mnene mwenye malapa. Iliyoimba vile ni ya bobini ya mviringo, kigurudumu cha uzi kinachozunguka papo hapo, mashine ya juzi juzi.

"Naomi," Fundi aliita, polepole. "Anayeshona ni nani?"

"Ni Bibi!"

"Anashonea mashine hiyo hiyo? Ya kwenye meza?"

"Hiyo hiyo!"

"Kioo chako unacho?"

Nililala chali, nikaweka kioo chini, nikawasha tochi. Matundu ya zamani ya kushikia kichwa kwenye ule ubao yalikuwa yamezibwa kwa nta, na mengine mapya yamechimbwa pembeni kwa msumari wa moto. Nilipotoka chini ya meza Bibi alikuwa ameacha kukanyaga, ananitazama.

"Ni ndoa!" nilisema kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. "Meza ni ya Mjerumani, kichwa si chake!"

Kelele zilizotoka uani zilikuwa za watu wote kwa pamoja. Bwana Ntandu ndiye aliyesikika juu ya wengine. "Haiwezekani! Mimi nilitoa ya Mjerumani! Kila siku nikipita njiani naisikia inalia, nawaambia watu, mnasikia? Hiyo ndiyo mahari yangu! Kichwa changu kiko wapi? Muulizeni!"

Bibi aliinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza nilimwona ana haya kama zangu.

"Siwezi kumjibu," aliniambia. "Yule ni mkwe wangu. Miaka yote hii sikumjibu, na binti yangu nilimkataza. Msemee wewe."

"Nimwambie nini?"

Akaninong'oneza, nami nikapiga kelele kipande kwa kipande, macho nimefumba, kwa sababu ukifumba macho watu huwa wachache.

"Bibi anasema, uliyoileta haikuwahi kushona!"



"Anasema, ilikosa kile kichuma cha kubebea uzi! Labda aliyekuuzia alikitoa! Anasema, wewe hukujua, na yeye anajua kwamba hukujua!"



"Anasema, ungewezaje kuambiwa! Mkwe akiambiwa mahari yake ni mbovu, atajiona yeye mwenyewe ndiye mbovu! Kwa hiyo alishona kwa mkono, nguo za watu, mpaka akapata kichwa kingine kwa fundi wa mjini! Akakiweka juu ya meza yako! Ili ukipita njiani, usikie inalia!"

Nilifumbua macho. Bibi alikuwa akikunja kaptula, kukunja na kukunjua.

Fundi alikohoa. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya biashara tena, lakini imepungua ukali. "Mwulize Bibi, kile cha zamani alikipeleka wapi?"

Nilimuuliza, akanijibu. Sikutaka kulisema hilo, lakini kazi ni kazi.

"Anasema kimefungiwa mbuzi!"

Niliwasikia wakigeuka wote. Pale pale uani palikuwa na mwanambuzi aliyefungwa kamba, na kamba imezungushwa kwenye kitu cheusi kilichozama nusu mchangani. Bwana Ntandu alikuwa amekaa karibu nacho tangu asubuhi, hata kofia yake alikuwa ameitundika juu yake. Mwenye mwiko ndiye aliyeanza kucheka. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia, isipokuwa Bwana Ntandu na mwanambuzi.

Fundi alikifukua, akakifuta. Maua yalikuwapo yote, maana hakuna aliyewahi kukisugua. Nilipotoka nje nilimkuta anakitazama kama mtu aliyepata barua. Kichwa cha Mjerumani, na ndani, hatua chache tu, meza yake yenyewe. Si ndoa. Ni ndugu wa damu.

"Vyote viwili, baiskeli," alimwambia Bwana Ntandu. "Bwana hashoni, kile kichuma hatakihitaji, na mimi nitamwambia hakipo. Kichwa peke yake," akafikiri, "labda kengele."

"Kengele ya baiskeli?"

"Nzuri. Inalia."

Bwana Ntandu alichukua kofia yake, akaikung'uta mchanga, akaenda zake. Meza ilikuwa yake kwa desturi, hilo hata Bibi hakulikana, na kichwa cha Bibi bila meza ya kukanyagia ni mzigo wa chuma tu. Lori lilikuwa limeshapita, kwa hiyo Fundi alilala kwa mwenye mwiko, nami nikalala kwa Bibi, kwenye mkeka kando ya meza. Bibi alimalizia ile kaptula kwa taa ya kibatari, akaiweka juu ya zile nne, akazifunga kwa kamba.

Asubuhi nilikuwa uani nawasha moto. Bwana Ntandu alikuja kwa njia ya nyuma, akasimama upande wa pili wa ukuta wa chumba cha Bibi, amegeuza mgongo kwa heshima, ingawa kulikuwa na ukuta mzima kati yao. Alinikonyeza nisogee.

"Binti," alinong'ona, "hujambo? Mwambie mama, hicho cha mbuzi Fundi akichukue. Meza ibaki. Mwambie, mimi nikipita njiani nataka niisikie."

Ndani, mashine iliyokuwa imeanza kukanyagwa ilinyamaza.

Nilijua kila neno la kupiga kelele. Sauti nilikuwa nayo, ilikuwa bado ina moto wa jana. Nikamtazama yule mzee mzima mwenye wajukuu, anayetokwa jasho puani.

"Mzee," nilisema, "mimi naenda kisimani. Ukuta ni mwembamba."

"We mtoto! Binti! Rudi hapa!"

Nilichukua kibuyu nikaenda. Nilikwenda polepole, kwa mwendo wa mtu ambaye hana haraka ya maji. Nyuma yangu nilimsikia akikohoa mara moja, akakohoa tena, kisha sauti ya kiume, nyembamba kama ya kifaranga, ikasema, "Mama, shikamoo."